Mbuzi Wawili

SEHEMU YA KWANZA

Mtoto alizaliwa usiku wa mvua, katika nyumba moja ya Minjila isiyo mbali na njia panda, pale barabara ya kutoka Malindi inapogawanyika, moja ikishika ya Hola na nyingine ikielekea Garsen na Lamu. Stima zilikuwa zimepotea tangu magharibi. Mkunga alimpokea kwa tochi ya simu, akampangusa, akamtenganisha miguu, akapiga kigelegele.

"Dume!"

Mavyaa akakipokea kigelegele kutoka ukumbini. Baba mtoto, aliyekuwa barazani akisikiliza maji yakianguka kutoka kwenye mabati, alishika kichwa kwa mikono miwili akalia bila kuona haya. Huyu alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa amemzika mwaka juzi.

"Mbuzi wawili," alisema, akimaanisha akika. Kwa mtoto wa kike huchinjwa mmoja, kwa wa kiume wawili, na yeye alikuwa tayari amewachagua.

Katika furaha ile hakuna aliyemwona mkunga akiirudisha tochi mara ya pili, akainama, akatazama kwa muda, kisha akamfunika mtoto haraka.

Siku ya tatu mama alimleta zahanati kuchanjwa. Nesi alimpima uzito, kilo 3.1, akaandika. Alikuwa na desturi ya kumvua mtoto nguo zote, hata foleni iwe ndefu namna gani. Akaweka kidole kwenye kinena cha kulia, akakiteremsha polepole hadi kwenye mfuko. Ngozi tupu. Akarudia kushoto. Ngozi tupu. Mfuko wenyewe ulikuwa mweusi na wenye makunyanzi kuliko ilivyo kawaida ya mtoto wa siku tatu. Akauinua uume kwa ncha za vidole. Tundu la mkojo halikuwa mwishoni. Lilikuwa chini, karibu na shina.

"Kuna nini, sista?" mama aliuliza.

"Bado naangalia, mama."

Alikuwa amefundishwa jambo moja chuoni na hakulisahau: mtoto anayeonekana mvulana lakini korodani zake zote mbili hazishikiki, usimwandike mvulana mpaka achunguzwe. Mbele yake palikuwa na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Jina la mama, limejazwa. Mahali, pamejazwa. Jinsia. Kalamu ikasimama hapo.

Kalamu ya namna hiyo imewahi kusimama kwingine Kenya, na haikuishia zahanati. Mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika hospitali moja Nairobi, na kwenye nafasi ya jinsia mtu akaandika alama ya kuuliza. Mama yake akaenda mahakamani. Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu akatoa uamuzi katika kesi hiyo ya Mtoto A, akaitaka serikali ieleze itawatambua na kuwalindaje watoto wa aina hiyo. Sensa ya 2019 ndiyo ya kwanza nchini kuwahesabu watu ambao jinsia yao ya kuzaliwa haiko wazi: walijiandikisha watu 1,524. Mimi siamini kwamba hao ndio wote. Mtu hujiandikisha pale anapojua jina la hali yake, na pale ambapo jina hilo halimletei kipigo. Sheria ya Watoto ya 2022 sasa inamtaja mtoto wa aina hiyo waziwazi na kumlinda asipasuliwe kiholela.

Nesi aliacha nafasi wazi. Akaandika barua ya rufaa kwenda Malindi, akaipiga muhuri, akamkabidhi mama mkononi.

Barua ile ilifika kwa mavyaa, naye akaikunja mara mbili akaiweka chini ya godoro.

"Mzazi hasafiri kabla ya arobaini," alisema. "Na dume langu halina kasoro."

Siku ya saba ikapita kwa mvua, mbuzi wamefungwa uani, jamaa wa Kipini na wa Hola hawana njia. Akika ikasogezwa hadi ya kumi na nne. Siku hiyo jua lilitoka. Nesi akavaa buibui yake, akaenda kama mgeni mwingine yeyote, ila moyoni alikuwa na lake: kumkuta baba mtoto kando, kumwomba ampeleke mtoto Malindi siku hiyohiyo.

Uani alimkuta kwanza baba mdogo, ndugu wa baba mtoto, dereva wa pikapu inayopeleka maembe Malindi. Mtu mfupi, kifua kipana, ndevu zimejaa mpaka karibu na macho. Alikuwa ameketi juu ya kinu akila embe bichi. Watu wengi hula embe bichi kwa chumvi, lakini huyu aliichota chumvi ya mawe kutoka mfukoni kwa viganja, akaitia mdomoni kavu, kisha ndipo akauma embe. Nesi alimwangalia kidogo. Baba mdogo akaona, akacheka.

"Nilifanya kazi mashamba ya chumvi Gongoni, sista. Imeniingia damuni."

"Na mbona unatetemeka?"

"Homa tu. Malaria ya kila siku."

Ndani, mama alikuwa amemlaza mtoto kifuani, kanga zimelowa. Mtoto hanyonyi tangu jana. Akinyonya anatapika. Anakojoa, anakojoa, nepi haikauki, na bado midomo yake imekauka. Nesi akafinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili akaiachia. Ikabaki imesimama. Utosi ulikuwa umebonyea.

"Ni chango," alisema mavyaa kutoka mlangoni. "Nimeshamchemshia dawa."

Nesi hakumjibu. Mkunga alikuwa amemshika mkono, anamvuta pembeni, sauti chini.

"Sista, yule wa kwanza alianza hivihivi. Kutapika, kukojoa, kulala. Siku ya kumi na sita tukamzika."

"Naye alikuwa na maumbile kama ya huyu?"

"Hata kidogo. Yule alikuwa mvulana kamili. Korodani zake nilizishika kwa mkono huu." Akameza mate. "Huyu ndiye… huyu nadhani ni huntha. Niliona usiku uleule. Nikaogopa."

Nje, kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa. Mbuzi wa kwanza amelazwa. Sauti ya mama ikapasua nyumba nzima.

"Haamki! Jamani, mtoto haamki!"

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Mtoto wa siku kumi na nne amezimia siku ya akika yake. Nesi amejua kwamba kaka yake alikufa kwa dalili zilezile. Barua ya rufaa imelala chini ya godoro. SASA ENDELEA…

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja wa zamu, kijana, ofisa wa kliniki. Sukari ya mtoto ilikuwa imeanguka. Uzito, kilo 2.4. Moyo ulidunda bila mpangilio. Nesi alipata mshipa kichwani, juu ya sikio, huku ofisa akiwa ameibana simu kwa bega akizungumza na daktari wa watoto aliyeko Malindi.

"Sehemu zake za siri zikoje?" simu iliuliza.

Ofisa alimtazama Nesi. Nesi akatikisa kichwa.

"Haziko wazi, daktari. Korodani hazipo. Na kaka yake alifariki wiki ya tatu, kwa kutapika."

Kimya kidogo.

"Basi usingoje maabara. Una haidrokotisoni?"

"Ya wagonjwa wa pumu, ninayo."

"Hiyohiyo. Mpe miligramu 25 sasa hivi. Maji ya chumvi na glukosi mshipani. Halafu mlete, usiku huu."

Ndivyo dawa iliyokaa kabatini ikiwangoja watu wa pumu ilivyoingia mwilini mwa mtoto ambaye hana pumu. Hakufumbua macho. Ila baada ya muda vidole vyake vilijikunja kwenye kidole cha Nesi.

Gari la wagonjwa lilikuwa safarini upande wa Hola. Baba mdogo akashusha makreti ya maembe mwenyewe, akawasha pikapu. Nesi na mama wakakaa mbele na mtoto, chupa ya maji ikining'inia kwenye ndoano ya nguo. Baba mtoto na mavyaa nyuma, chini ya turubai.

Kutoka Minjila hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Barua mpya ya rufaa ilionyeshwa kwenye kizuizi cha polisi, wakapitishwa. Sehemu kubwa ya njia ile ni vichaka na giza. Kisha, ukikaribia Marereni, ukanda wa chumvi unaanza. Chumvi nyingi inayopikiwa Kenya hutoka huko, kati ya Kurawa na Gongoni, ambako maji ya bahari huingizwa mashambani yakakaushwa na jua. Marundo yalionekana meupe katika taa za gari. Nesi aliyatazama akiwa ameushika utosi wa mtoto ambaye mwili wake ulikuwa ukiimwaga chumvi katika kila tone la mkojo.

Baba mdogo aliendesha kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa mfukoni, kwenye punje za chumvi. Jasho lilimtoka ingawa upepo ulikuwa baridi. Mara mbili alisimamisha gari, akashuka, akatapika kando ya barabara, akarudi bila neno.

Vipimo vya damu vilitoka usiku uleule. Sodiamu 117, na ya kawaida haishuki chini ya 135. Potasiamu 8, kiasi ambacho kingeweza kuusimamisha moyo wa mtu mzima. Daktari wa watoto, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, hakuuliza mengi. Alifanya kazi hadi adhana ya alfajiri. Saa moja asubuhi mtoto alilia, kilio chembamba, akatafuta titi.

Ndipo daktari akavuta kiti, akaketi karibu na baba mtoto.

"Bwana, wewe unalima mpunga?"

"Ndiyo, daktari. Kando ya mto, Garsen."

"Mfereji ukiziba katikati, maji huenda wapi?"

"Yanafurika. Yanaingia shamba la jirani."

"Sasa nisikilize. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Tezi hiyo huchukua kolesteroli, mafuta haya haya tunayoyasikia yakisemwa vibaya kila siku, ikaikata na kuigeuza hatua kwa hatua. Kila hatua ina kimeng'enya chake. Mwishoni hutoka homoni za aina tatu. Aldosteroni, inayoziambia figo zisiiachie chumvi. Kotisoli, inayoshika sukari na shinikizo la damu, na kumwezesha mtu kuistahimili homa au jeraha. Na androjeni, homoni za jamii ya testosteroni. Mwanao nadhani hana kimeng'enya kimoja. Bila hicho, njia ya aldosteroni imeziba, ya kotisoli imeziba. Iliyobaki wazi ni ya androjeni peke yake."

Baba alikuwa ameelewa kabla hajamaliza. "Shamba la jirani."

"Na si hivyo tu. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari. Kazi yake ni kuangalia: kotisoli ikipungua, inatuma amri adrenali ifanye kazi zaidi, ikitosha, inanyamaza. Kwa mwanao kotisoli haitoshi kamwe, kwa hiyo amri haikomi. Amri hiyohiyo ndiyo iliyomtia weusi ule kwenye ngozi. Tezi inavimba, inafanya kazi usiku na mchana, na mengi inayoyatengeneza yanaishia kuwa androjeni. Hayo yalianza tumboni mwa mama yake."

"Kwa hiyo homoni za kiume ndizo zilizomuumiza."

"Usiziite za kiume peke yake. Mkeo anazo. Ovari hutengeneza testosteroni kwanza, kisha kimeng'enya kinachoitwa aromatasi huigeuza kuwa estradioli. Hakuna mwanamke aliyepata estrojeni bila kupitia androjeni. Na wewe una estrojeni, bila hiyo mifupa yako isingekuwa imara. Wewe na mkeo, pituitari ndiyo inayosimamia: hupeleka amri kwenye korodani au ovari, kisha homoni zikitosha zinaizuia isiendelee kuamuru. Tofauti yenu ni kiasi gani, wakati gani, na wapi."

Alinyamaza kidogo, akavua miwani.

"Hadi wiki ya saba hivi tumboni, sehemu za nje za watoto wote ni za namna moja. Zikipata androjeni nyingi baada ya hapo, zinafuata umbo la kiume. Hazijui androjeni ilitoka kwenye korodani au kwenye tezi iliyoharibika."

Mavyaa, aliyekuwa amesimama ukutani na tasbihi, alizungumza mara ya kwanza. "Na yule wa kwanza? Yeye alikuwa kamili."

"Mvulana mwenye ugonjwa huu huzaliwa akionekana hana neno, mama. Androjeni ya ziada haimbadilishi umbo. Hakuna anayeshtuka, hakuna anayempima, na wiki ya pili au ya tatu chumvi inamwishia. Husemwa ni chango, au ni jicho. Umbo la huyu ndilo lililomwokoa. Lilimfanya sista aulize."

Baba mtoto alifunika uso. Daktari akamwachia nafasi. Kisha akamweleza polepole kwamba hakuna aliyekosa: ugonjwa hupita pale baba na mama, wote wawili, wanapobeba urithi huo bila kuujua, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4. Kwamba una dawa, haidrokotisoni na fludrokotisoni, na chumvi kidogo kwenye maziwa mwanzoni, dawa za kila siku maisha yote, na dozi inaongezwa mtoto akipata homa. Duniani hupatikana kwa takriban mtoto 1 katika kila 15,000, na tangu mwaka 1950, Lawson Wilkins na wenzake walipoonyesha huko Baltimore kwamba kotisoni inaituliza tezi hii, watoto wenye ugonjwa huu wanakua, wanasoma, na wengi wanazaa.

Saa tatu akamwita baba chumba cha altrasaundi. Alipaka jeli tumbo la mtoto, akatelezesha kifaa chini ya kitovu. Kwenye skrini, katikati ya kijivu, kikatokea kitu chenye umbo la peasi dogo.

"Mji wa mimba," alisema. "Kwa mtoto mchanga huonekana vizuri kwa sababu estrojeni ya mama bado ipo. Na hapa ovari. Na hapa nyingine. Sampuli ya kromosomu itakwenda Nairobi, tutangoja. Hakuna atakayempasua, na hakuna haja ya kukimbilia jina."

"Nilichagua mbuzi wawili," alisema baba, hajui kama analia au anacheka.

Mavyaa alikuwa ameketi sakafuni. Hakuna aliyemwona akishuka.

Ni lazima niwasimulie wasomaji jambo lililotokea Italia kabla sijaendelea. Mwaka 1865, mjini Naples, mwanaanatomia Luigi De Crecchio alipasua maiti ya mtu wa makamo aliyeishi utu uzima wake kama mwanamume, mwenye ndevu, aliyejulikana hivyo na kila mtu. Ndani alikuta mji wa mimba, ovari mbili, na tezi za adrenali zilizokaribia ukubwa wa figo. Mtu huyo alikuwa amekufa kwa kutapika, kuharisha na kuishiwa nguvu. Kisa hicho ndicho madaktari hukitaja mpaka leo wanapoanza kuueleza ugonjwa huu.

"Daktari," mavyaa alisema, "weusi ule. Na tundu lile la chini. Nimewahi kuviona. Miaka 34 iliyopita, mtoni, nikimwogesha mwanangu peke yangu, ili mtu mwingine asimwogeshe."

"Mwanao yupi, mama?" baba mtoto aliuliza.

"Alipofika miaka 6 aliota nywele za kinena. Akawa mrefu kuliko wenzake wote, kisha akaacha kurefuka, wote wakampita. Kila mwaka nasema mwaka huu ataoa. Na chumvi… chumvi nilikuwa naificha juu ya dari."

Nesi hakungoja amalize. Alitoka mbio, akashuka ngazi, akavuka ua wa hospitali hadi kwenye kivuli cha mwarobaini palipoegeshwa pikapu. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Baba mdogo amelala kiti kizima, matapishi kifuani, kiganja kimefunguka na punje za chumvi zimemwagika mpaka kwenye klachi. Ngozi yake ilikuwa baridi kama mtu aliyetolewa mtoni. Alimshika mkono kutafuta mapigo. Akabadilisha mkono. Akayapata, mepesi sana, yanakuja na kupotea.

"Machela!" alipiga kelele. "Leteni machela!"

Daktari alifika na bomba la sindano tayari mkononi. Kabla hajainama, mavyaa alimshika koti kwa mikono yote miwili, akapiga magoti mchangani mbele ya umati wa wagonjwa.

"Mponye, daktari. Mponye mwanangu. Lakini nakuomba kwa jina la Mungu, akizinduka usimwambie alivyo."

Nyuma yake, baba mdogo alikuwa amefumbua macho.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO

Msomaji, hadithi inaweza kungoja wiki nzima. Mtoto mchanga anayetapika, asiyenyonya, anayepungua uzito badala ya kuongezeka, hawezi. Mpeleke hospitali leo, na kama nyumbani kwenu kuna mwingine aliyewahi kufa kwa dalili kama hizo, mwambie daktari kabla hajakuuliza.